Mchezo wa Jicho Mbea

Kuna watu wanaojua mambo ya maana hapa duniani, na kuna Lenzi. Lenzi anajua bendi za roki ambazo hata mama wazazi wa wapigaji wamezisahau. Mpigie kipande cha wimbo kisicho na mbele wala nyuma, gitaa kidogo na ngoma kidogo, atakwambia hao ni Nyaya za Moto, na mpiga besi siku hiyo alikuwa na mafua. La mafua anatia chumvi. La bendi hakosei, au tuseme hakosei sana. Sasa ujuzi huo una faida gani? Usiniulize mimi. Kwa miaka mingi haukuwa na faida yoyote, na ndiyo maana nakueleza habari ya siku ulipokuwa nayo.

Jina la Lenzi alipewa kazini. Ni fundi miwani. Daktari akishampima mtu macho kule mbele, Lenzi huku nyuma ndiye anayekata kioo kwenye jiwe linalozunguka na maji, anakisugua ukingo, anakipachika kwenye fremu bila kuacha mkwaruzo. Ukikutana naye njiani hakutazami usoni, anatazama kama miwani yako imekaa sawa, na ikiwa imepinda anakuvua bila kuomba ruhusa. Watu wameshamzoea. Macho ndiyo yanayomlisha, lakini masikio alipewa na kaka yake.

Baba yao alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala, kwa hiyo mchana ndio ulikuwa usiku wake. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ukuta wa mbao, na mtoto aliyemwamsha baba alikiona cha mtema kuni. Katika nyumba hiyo ndimo kaka mtu alimoleta redio ya kaseti. Alipewa na fundi mchora mabango ambaye yeye alikuwa akijifunza kazi kwake, na alipewa kwa sababu ilikuwa mbovu: ukanda wa mpira wa ndani ulikuwa umekatika, haizunguki. Kaka hakushindwa. Alichukua mpira wa ndani wa baiskeli iliyochoka, akakata ukanda mwembamba kwa wembe, akauvika humo ndani. Ikazunguka. Pamoja na redio alipewa boksi la kaseti zisizo na majina, zote za bendi za roki ambazo yule fundi aliwahi kuzichorea mabango ya kumbini. Bendi hizo zilipiga miaka michache, zikafa, hakuna redio iliyowahi kuzirusha hewani.

Sasa utafanyaje na redio katika nyumba ambayo baba analala mchana? Walijifunika shuka, wakaweka sauti chini kama mbu, vichwa viwili kwenye spika moja. Kaka alikuwa akiubeba wimbo kichwani, anakwenda kumwimbia fundi wake, anarudi na jina la bendi. Walipokwisha kuyajua majina yote, mchezo ukaanza. Mmoja anafunika redio kwa kitambaa ili mwenzake asione ni kaseti ya rangi gani, anapiga kipande cha katikati ya wimbo, na mwenzake ataje bendi.

Ataje vipi, na baba yuko nyuma ya ubao? Kwa mkono. Nyaya za Moto ilikuwa kupuliza ncha za vidole, kama aliyeungua. Wana wa Ngazi ilikuwa vidole viwili vinapanda mkono wa pili kutoka kiganjani hadi begani. Kutu ilikuwa kujikuna kifundo cha mkono. Sauti ya Karakana ilikuwa kugonga goti kwa ngumi, polepole. Na aliyekosea alivutwa sikio, bila kelele, na haruhusiwi kulia. Wanaosema masikio ya Lenzi ni makubwa kidogo sasa wajue sababu.

Sheria kubwa ilikuwa ya kitambaa, na Lenzi, kwa kuwa ndiye mdogo, ndiye aliyekuwa akijaribu kuchungulia.

"Usitazame," kaka alikuwa akimnong'oneza. "Jicho ni mbea. Likishajua jambo, sikio linalala."

Wakakua. Redio ikafa kifo chake na kaseti zikaliwa na panya. Kaka akawa mchora mabango mwenyewe, na mjini kote maandishi yaliyonyooka juu ya milango ya maduka yalikuwa ya mkono wake. Lenzi akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, akabaki na kazi yake na wajukuu wa kuja na kuondoka. Lakini mchezo haukufa. Kwenye kikao cha ukoo, mzee mmoja akiwa katikati ya hotuba ndefu kuhusu umoja, kaka mtu mzima na mvi zake alikuwa anaguna kipande cha gitaa puani, chini kwa chini, na upande wa pili wa ukumbi mjane mwenye heshima zake anaonekana anajipuliza vidole. Wakwe walidhani ni ugonjwa wa ukoo.

Basi kiharusi kikamwangusha kaka akiwa juu ya ngazi na brashi mkononi. Kuanguka hakukumuumiza sana. Kiharusi ndicho kilichochukua mkono wa kulia, ule wa kuchorea, kikachukua na ulimi. Lenzi alimleta kwake, akamtandikia chumba cha mbele penye dirisha la barabarani, na kila wiki alimpeleka kliniki kwa mwanamke mmoja ambaye wagonjwa wote na jamaa zao walimwita Mwalimu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwafundisha kusema upya watu waliopoteza maneno.

Mwalimu alikuwa mtu mpole na mvumilivu. Alimwekea kaka mezani kikombe, kitana na ufunguo. "Nionyeshe kikombe." Kaka alitazama dirisha. "Shika pua yako." Kaka alishika ufunguo, akaurudisha. Wiki ile hivyo, na iliyofuata hivyo hivyo. Mwishowe Mwalimu alimwita Lenzi kwenye veranda.

"Mama, sitakuficha," alisema. "Wanaosaidika hapa ni wale wanaoelewa ila kutoa ndiyo shida. Kwa kaka yako sioni kama anaelewa. Wiki ijayo nitampima mara ya mwisho. Asipojibu chochote, itabidi nafasi yake apewe mwingine aliye kwenye foleni, na yeye mtamtunza tu nyumbani."

Lenzi aliitikia vizuri, akashukuru, maana adabu ilimtaka ashukuru. Lakini lile "tu" lilimkaa kooni. Kumtunza tu, kama kiti kilichovunjika mguu.

"Hakuna kitu anachokipenda?" Mwalimu aliuliza. "Wimbo, picha, chochote. Mjaribu nacho."

Wimbo! Lenzi alijipiga paja hapo hapo, kwa kuwa hakulifikiria mapema. Binti wa kaka anauza simu na vifaa vyake, mtu wa kutafuta kitu mtandaoni mpaka akipate, na kweli alizipata zile bendi, moja baada ya nyingine. Kuna mkusanyaji mmoja huko duniani aliyeokota sahani za santuri za zamani akazipandisha zote. Binti akampakulia shangazi yake, akamwonyesha pa kubonyeza.

Jumapili mchana walikaa wote watatu chumba cha mbele. Lenzi alivaa miwani yake, akasoma kwenye kioo cha simu: Nyaya za Moto. Moyo ukamdunda kwa furaha kama msichana. Akabonyeza.

"Kaka, sikiliza. Nyaya za Moto hao. Unawakumbuka?"

Kaka alisikiliza. Uso wake, ule upande mzima, ulikunjamana kidogo. Kisha akatikisa kichwa. Hapana.

"Nyaya za Moto, kaka." Akajipuliza vidole ili kumkumbusha.

Kaka akamtazama vidole, akamtazama usoni, akatikisa kichwa tena. Lenzi akamwekea Kutu. Hapana. Akamwekea Wana wa Ngazi, wimbo uliokuwa wao hasa, ambao kaka aliuguna mwenyewe puani akiukanyagia hatua siku ya harusi yake. Kaka alitikisa kichwa kwa nguvu, kisha akageuza uso ukutani na hakuugeuza tena.

Binti wa kaka alitoka nje na shangazi yake akamfuata. Walisimama kando ya kamba ya nguo.

"Shangazi," binti alisema, "mimi nadhani tukubali. Baba hayupo. Mwili ndio uliobaki."

"Usiseme hivyo."

"Hata Mwalimu alisema wengi wanatikisa kichwa kwa kila kitu, ni kichwa tu kinatikisika. Hizo nyimbo kazisikia utoto wake wote. Kama hata hizo hazijui, atajua nini?"

Lenzi aliogopa, nasema kweli, aliogopa kuliko siku ya kifo cha mumewe, kwa sababu mumewe alikufa mara moja akazikwa, lakini huyu alikuwa amekaa ndani, anapumua, na huenda alikuwa ameshaondoka bila yeye kumuaga. Siku zile alimlisha kaka yake akiwa kimya. Hakuona sababu ya kuongea na mtu asiyekuwepo, na jambo hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Katikati ya wiki akaja dukani mzee mmoja amefura. Alikuwa amechukua miwani mpya juzi yake, akairudisha ameishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Fundi, umenipa miwani gani? Sakafu yote imelala upande. Ngazi za kwangu nazipanda kwa mikono."

Lenzi alipima vioo, vilikuwa sawasawa. Akampa maneno ambayo huwapa wote, maana wateja wa namna hiyo hawaishi.

"Baba, ile uliyokuwa nayo ndiyo iliyokuwa mbovu. Umeivaa miaka mingi, macho yakaizoea, yakaona huko ndiko kunyooka. Sasa nimekupa iliyonyooka kweli, unaona imepinda. Mazoea yana taabu. Ivae kidogo kidogo."

"Kwa hiyo macho yangu yananidanganya?"

"Hayadanganyi. Yanakwambia yale yaliyoyajua."

Mzee aliondoka anapapasa ukuta, bado amenuna. Lenzi akarudi nyuma kwenye jiwe lake. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, nyimbo za binti zinajipiga zenyewe mchanganyiko, kwa sababu alikuwa ameigusa bila kukusudia na hajui hata jinsi ya kuzizima. Mikono imelowa, kioo kiko kwenye jiwe, huwezi kuacha katikati. Ukapigwa wimbo ambao hakuutambua. Gitaa jembamba, haraka haraka, na kijana mwenye sauti ya juu anaimba kama anafukuzwa na mbwa. Lenzi alicheza mchezo bila hata kujua kwamba anacheza. Kutu? Sio Kutu. Karakana hawana haraka hivi. Akaona hii ni bendi asiyoijua, pengine vijana wa siku hizi. Wimbo ukaisha, kioo kikaisha. Akajifuta mikono, akatoa simu, akatazama ni nani hao.

Nyaya za Moto. Wimbo ule ule aliompigia kaka Jumapili.

Alikaa juu ya boksi la fremu. Jumapili alikuwa amelisoma jina kwanza, ndipo akasikiliza. Jicho lilishamnong'oneza, sikio likalala fofofo, akasikia alichosoma. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, lakini kuna siku mwenye macho angeambiwa afumbe. Na kaka, asiyeweza tena kusoma hata jina lake mwenyewe, alisikiliza kwa masikio matupu na akajibu kweli tupu. Hapana, hao sio Nyaya za Moto. Nyaya za Moto wao, wale wa chini ya shuka, walikuwa watu wazito, wanavuta gitaa kama watu wanaokokota kabati, na mwimbaji wao alikuwa na sauti ya mtu mwenye ndevu.

Hapo ndipo alipoukumbuka ule ukanda wa mpira wa baiskeli. Mnene kuliko uliotakiwa, mgumu, unajivuta. Utoto wao wote redio ile ilikuwa inakwenda taratibu, na wao hawakuwa na redio nyingine ya kulinganishia. Bendi zote walizozijua duniani walizijua zikiwa zimechelewa.

Aliomba ruhusa kazini, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha binti wa kaka.

"Unaweza kuufanya wimbo uende taratibu?"

"Naweza. Kwa nini?"

"Na sauti ishuke vilevile, iwe nzito?"

"Naweza, shangazi. Lakini utaharibika."

"Uharibu," Lenzi alisema. "Tena uharibu vizuri."

Akafumba macho, akaanza kumwendesha binti kama daktari wa macho anavyomwendesha mgonjwa mbele ya vioo. Hii au ile ya kwanza? Ile ya kwanza. Punguza. Hii au ile? Hii. Punguza tena kidogo. Sasa umezidisha, rudi nyuma. Wateja wawili walikuwa wanangoja chaja zao, wakasahau kuziulizia. Mwishowe kijana aliyefukuzwa na mbwa akaota ndevu, gitaa likaanza kukokota kabati, na Lenzi akasema, "Hapo. Usiguse," na machozi yakamtoka pale pale mbele ya watu. Binti aliduwaa. Shangazi yake alipomweleza, naye alikaa chini.

Siku ya kliniki walifika mapema. Lenzi alimweleza Mwalimu habari yote, ya baba mlinzi na shuka na mpira wa baiskeli. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba anaamini, lakini imani yake si kipimo.

"Ukikaa mbele yake, Mama, anaweza kukuiga mkono tu. Wagonjwa wengi huiga. Tufanye hivi: mkae mgongo kwa mgongo. Mimi nakaa kando nawaona wote wawili. Nitachagua wimbo mwenyewe. Nifundishe tu hizo ishara."

Lenzi akamfundisha: kupuliza, kupanda ngazi, kukuna, kugonga goti. Vikawekwa viti viwili. Lenzi alikaa akitazama ukuta wenye picha ya kichwa cha mtu kilichopasuliwa, na nyuma yake, mgongo ukigusa wake, kaka yake. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akampa Mwalimu.

"Funika simu," alisema. "Ndiyo sheria."

Mwalimu akafunika, akabonyeza. Chumba kikajaa gitaa zito. Lenzi alisikia mgongo wa kaka yake ukinyooka, taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali. Akajipuliza vidole. Nyuma yake hakuona kitu. Alimwona Mwalimu tu, kwa pembe ya jicho, na Mwalimu alikuwa amekaza macho kwa kaka.

"Tuendelee," Mwalimu alisema, akabonyeza tena.

Wa pili ulikuwa Karakana. Lenzi aligonga goti, na nyuma yake akasikia goti jingine likigongwa, ngumi moja, polepole. Binti wa kaka, aliyesimama mlangoni, alijifunika mdomo. Wa tatu Mwalimu akakiinua kitambaa kidogo, akachezea simu, akaupiga kwa kasi yake ya kweli. Lenzi akatulia. Nguo za kaka zikasikika zikisuguana: alikuwa anatikisa kichwa. Hapana.

"Wa mwisho," Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Ulikuwa kipande kigumu. Ngoma peke yake, kisha gitaa moja lenye kutu kutu, halafu ukakatika. Lenzi hakusita sana. Akajikuna kifundo cha mkono: Kutu.

Mwalimu alitazama upande huu, akatazama upande ule, akafunua simu akasoma.

"Hapa mmefarakana," alisema. "Mmoja kasema Kutu. Mwingine kapandisha vidole begani. Mmoja kakosea."

"Nani?" Lenzi aliuliza ukuta.

"Ni Wana wa Ngazi, Mama. Aliyekosea ni wewe."

Lenzi hakugeuka. Angegeuka, lakini alikuwa anawaza ni siku ngapi amemlisha mtu huyu bila kumwambia hata neno, na yeye alikuwa humo humo ndani muda wote, anamsubiri. Nyuma yake kiti kikalia. Kitu kikapapasa bega lake, kikapotea njia, kikapanda shingoni. Ulikuwa mkono wa kushoto, ambao hata zamani haukuwa hodari, ukitafuta kwa vidole.

Lenzi akainamisha kichwa upande ule ili mkono usipate taabu.

"Haki yako, kaka," alisema. "Vuta."

Na kaka akalivuta sikio, kwa nguvu zote zilizobaki, bila kelele, na Lenzi hakuruhusiwa kulia, lakini safari hii alilia.